Naserian Si wa Chini ya Ringi

Nimestaafu nikiwa na miaka kumi na minane. Hakukuwa na keki wala hotuba. Kochi Mutua alinikuta nikitoka kwenye chumba cha mtihani wa mwisho wa Form Four, akaniuliza, "Ndanu, ile kartoni iko wapi?" Nikamwonyesha juu ya kabati la maabara. Hiyo ndiyo ilikuwa sherehe. Sasa niko nyumbani Kitengela, nimeachiwa vyombo na kuku, na nimeona afadhali niwaandikie nyinyi mtakaokalia benchi yangu, mliobaki na wale wa Grade Ten wanaoingia. Kuwaongelesha mkiwa mbele yangu singeweza. Mnanijua. Nikisimamishwa mbele ya gwaride nasahau hata jina langu.

Kazi yenyewe haina jina zuri. Kochi huiita utazamaji. Unawatazama wasichana wa timu ya mpira wa kikapu, halafu unamwambia yeye nani anaweza kufunga, kutoka wapi, na awekwe wapi. Mimi sikuwahi kucheza mechi hata moja. Nilijaribu siku ya kwanza ya Form One, mpira ukanipata usoni huku nimesimama tu.

"Kwa nini hukunyoosha mikono?" Kochi akaniuliza.

"Nilikuwa naangalia miguu ya yule amerusha," nikasema, nimeshika pua.

Wakacheka wote isipokuwa Wambui. Wambui alikuwa Form Four, ndiye aliyekuwa mtazamaji wakati huo. Alikuja akachuchumaa kando yangu.

"Na miguu yake ilikuwa aje?"

"Wa kushoto ulikuwa hewani."

"Basi kaa hapa kwa benchi. Usirudi pale ndani, utavunjwa."

Hivyo ndivyo nilivyoajiriwa.

Vifaa mnavijua, lakini niseme vile vinafaa kutunzwa. Kartoni ni upande mmoja wa boksi la friji, uwanja umechorwa juu yake kwa kalamu nzito. Mchezaji akirusha na mpira ukaingia, unaweka punje ya haragwe pale alipokuwa amesimama. Ukikosa, unaweka punje ya mahindi. Ndiyo maana timu nzima huiita githeri, kama kile chakula cha mahindi na maharagwe, na baada ya mazoezi kila mtu anakuja kuinama juu yake akiuliza, "Yangu inasemaje?" Msiiweke karibu na upepo wa lango la nyuma. Msiiache nyumbani kwenye kuku. Kuna mechi moja ya mwaka wangu wa pili ambayo mpaka leo matokeo yake yako ndani ya jogoo wa mama. Tumieni maharagwe makubwa, na mkiulizwa na mama kwa nini yanapungua, semeni ni ya shule. Si uongo.

Wambui alinifundisha mwaka ule mmoja tu kisha akaondoka, na mengi aliyosema nilikuja kuyaelewa akiwa ameshaenda. Aliniambia mpira unadanganya. Ukiufuata kwa macho utajua tu umeenda wapi. Anza na miguu, panda mabega, mpira uwe wa mwisho. Aliniambia kuingia kwa mpira wakati wa mazoezi si kitu, angalia mtu akiwa amechoka, angalia akikosa mara mbili mfululizo kama bado anautaka ama anaanza kujificha nyuma ya wenzake. "Na usipende mrefu kwa sababu ni mrefu," akasema. "Mrefu anaweza kuwa mrefu tu, basi."

Githeri hukuonyesha wapi. Haikuambii kwa nini. Hiyo nilijifunza kwa Naserian.

Naserian alihamia kwetu muhula wa tatu nikiwa Form Three, yeye akiwa Form Two. Alitoka upande wa Isinya. Alikuwa mrefu hivi kwamba aliinama kupita mlango wa ofisi hata kama mlango haukuhitaji. Kochi, ambaye kazi yake ya mshahara ni Jiografia, alimwona kupitia dirishani akiwa anatufundisha mabonde ya ufa, akatoka nje na chaki mkononi. Hatukuliona hilo bonde tena siku hiyo.

Alimweka chini ya ringi. Mimi pia ningemweka hapo. Msichana wa kimo kile unamweka chini ya ringi kama vile unavyoweka sufuria juu ya jiko, hujiulizi. Anapokea mpira ameipa ringi mgongo, anageuka, anafunga. Wakikosa wengine, yeye ndiye wa kuudaka unaporuka kutoka kwenye ubao, hiyo rebaundi.

Muhula wote ule, chini ya ringi kwenye kartoni yangu kulikuwa na mahindi matupu. Mnaweza kudhani ni shamba. Akipewa mpira pale alikuwa anaganda. Miguu yake yote miwili inashika chini, mabega yanapanda masikioni, halafu anaurusha haraka kama mtu anayetupa kitu cha moto. Mpira ukirudi kutoka kwenye ubao, yeye anapiga hatua nyuma.

"Atazoea," Kochi akasema.

"Huyu ni mlingoti wa bendera," Mwende akasema. "Mmfunge kamba tu tuimbe wimbo wa taifa."

Mwende alikuwa kapteni na deski mate wangu, na mtu pekee shuleni niliyeweza kuongea naye bila jasho. Alicheza pembeni, kwenye ubavu wa uwanja, na ndiye aliyekuwa mfungaji wetu. Ni mnene wa mabega, anacheka kwa sauti, na hajawahi kuwa na wazo ambalo hakulisema.

Lakini kulikuwa na haragwe chache za Naserian mahali pengine. Zilikuwa kwenye kona ya mstari wa fauli, upande wa kushoto, pale Kochi anapaita kiwiko. Kila moja ilitokea kwa bahati. Mpira ulipotoroka, yeye akaufuata, akaudaka akiwa bado anatembea, akapanda kwa mguu mmoja na kuuachilia juu sana, polepole, kama anaweka kitu kwenye rafu ambayo haioni vizuri. Zilikuwa zinaingia bila kelele. Hata yeye mwenyewe alikuwa anashangaa, anarudi mbio chini ya ringi kama mtu aliyekutwa kwenye chumba kisicho chake.

Nikamuuliza mara moja, "Pale chini kuna nini?"

"Hakuna kitu."

"Unaogopa kusukumwa?"

"Sijui, Ndanu. Mwili tu unakataa."

Mwaka uliofuata, muhula wa kwanza, tulishinda mechi za mwanzo bila yeye kufanya mengi, Mwende alikuwa amewaka moto. Ikabaki fainali ya kaunti, Kajiado mjini. Wakati wa mapumziko ya katikati ya muhula, Naserian akaniomba niende kwao siku moja. Nafikiri alitaka tu mtu. Alikuwa mpole kama mimi, tukikaa pamoja tulikuwa tunanyamaza vizuri.

Kwao ni nje kidogo ya Isinya, nyumba ya mabati, tangi kubwa la maji na zizi la mbuzi. Kwenye nguzo ya kona ya zizi ndipo nilipoiona. Mjomba wake ni fundi wa kuchomelea, na alipoona msichana anarefuka alimtengenezea ringi ya nondo akaifunga kwenye ile nguzo, kwa sababu ndiyo ilikuwa nguzo pekee yenye nguvu pale nyumbani. Sasa, ua wa zizi ni wa matawi ya miiba, kama mnavyojua maboma. Na huo ua ulikuwa unapita chini kabisa ya ringi.

Nilisimama pale kama mjinga.

"Umejifunzia hapa?"

"Tangu niko primary."

"Nionyeshe."

Akavua sweta. Alikuja akitembea kando ya ua, akadaka mpira aliojirushia mwenyewe, akapanda kwa mguu mmoja akiwa bado mbali, akauweka juu. Ukaingia, ukaangukia ndani ya zizi, mbuzi wakatawanyika wakilalamika. Yeye alikuwa ameshapiga hatua nyuma kabla haujafika. Hiyo hatua nyuma. Mimi nikataka kujaribu kufika chini ya ringi yenyewe, mwiba ukashika sketi yangu ya kanisani, na Naserian akacheka mpaka akakaa chini. Mipira mingi imepasukia kwenye huo ua, akasema. Ukisimama karibu unachomwa, na ukikosa ringi mpira unaangukia miiba, nao unachomwa. Ilibidi uwe mbali, uwe unatembea, na uingie moja kwa moja.

"Kwa hivyo si uoga," nikasema.

"Usiwaambie ni kwa zizi la mbuzi," akasema haraka. "Mwende ataniita mbuzi mpaka nimalize shule."

Nikaahidi.

Baba yake alikuja jioni kabla sijaondoka. Anaendesha lori la kusambaza maji, na ana ng'ombe. "Sopa," akanisalimia, nikajibu "Ipa," moja ya maneno machache ya Kimaa niliyo nayo, akafurahi kuliko nilivyostahili. Tukiwa tunakunywa chai akasema, kwa upole kabisa, si kama mtu anayetishia:

"Wewe ndio unaangaliaga hawa watoto wakicheza. Sasa nikuulize. Huyu wangu ako na kitu?"

Niliangalia kikombe. "Ako nayo," nikasema.

"Kwa sababu dada yangu kule Entarara amebaki peke yake na shamba. Anataka huyu aende akae naye, na shule iko hapo karibu. Mimi nimesema, wacha tungoje fainali ya kaunti. Kochi wenu anasema kuna madam atakuja kutoka shule ya mabweni, anachukua msichana mmoja, anamsomesha na mpira. Akichukuliwa, sawa, nitamwambia dada yangu atafute mtu mwingine. Asipochukuliwa, huyu anaenda Entarara mwezi ukiisha. Mpira si mbaya. Lakini mpira usioenda mahali ni kumaliza viatu."

"Na hiyo shule ya Entarara iko na uwanja?" nikauliza. Naserian ndiye alijibu, akiangalia nje.

"Iko na wa mpira wa miguu. Wa wavulana."

Kwa hivyo mnaona. Angechezeshwa chini ya ringi mbele ya yule madam, na chini ya ringi hakuwa mchezaji.

Jumatatu nilimpelekea Kochi kartoni, nikaiweka mezani kwake bila kusema neno, maana nilitumaini itasema yenyewe. Akaiinamia.

"Kiwiko," nikasema.

"Naona. Haragwe ngapi hapa? Konzi haijai. Hizi si ni za bahati?"

"Si za bahati, Kochi."

"Sababu?"

Ningesema miiba. Nilikuwa nimeahidi. Nikanyamaza, na nyinyi mnajua mimi nikinyamaza naonekana kama mtu asiye na sababu.

Kochi hakukasirika. "Ndanu, sikiza. Nikimtoa pale chini, nani atashika rebaundi? Wewe? Wale wa fainali wana wasichana wawili kama milango ya benki. Labda nimpeleke Mwende huko chini, mfungaji wangu. Halafu nishindwe vyote viwili." Na alikuwa na haki. Mkikaa benchi hii mtasahau kwamba kochi anaangalia watu watano, wewe unaangalia mmoja.

Mwende alikuwa mlangoni, amekuja kuchukua chaki. Hakungoja tufike darasani.

"Kwa hivyo wewe, rafiki yangu, unataka mimi nikabebe mawe huko chini ndio huyo mrembo wako acheze na upepo?"

"Si hivyo."

"Ni aje basi? Niambie."

Sikuweza kumwambia. Alisukuma begi lake katikati ya deski kama ukuta, na wiki yote ile hatukuongea.

Fainali ilikuwa Jumamosi, Kajiado. Jua lilikuwa kali na upepo mkavu, ule wa kukuwekea vumbi kwenye meno. Nilikaa kwenye meza ya pembeni na kartoni yangu, mawe madogo kwenye kona zake. Yule madam nilimtambua mara moja. Alikuwa amevaa kofia na viatu vya michezo, na alikaa peke yake, hakupiga makofi hata mara moja. Upande wa pili nikamwona baba yake Naserian, amesimama karibu na lori lake, mikono nyuma.

Nusu ya kwanza sipendi kuikumbuka. Wale wasichana wawili walimweka Naserian katikati yao kama nyama ya sandwichi. Kila akipata mpira anaganda. Mahindi. Mahindi. Mara ya tatu alinyang'anywa kabla hajageuka, na watu wa upande ule wakaanza kuimba, "Twiga! Twiga!" Rebaundi zilimpita juu ya kichwa akiwa anarudi ile hatua yake nyuma. Mara mbili nilimwona madam akiangalia saa. Mwende alifunga peke yake mpaka akawa anapumua kwa mdomo, na bado tulikuwa nyuma.

Filimbi ya mapumziko ilipolia nikasikia Kochi akisema, akifuta jasho, "Naserian, pumzika. Utakaa nje nusu hii." Naserian akaketi chini, akaanza kufungua kamba za viatu. Kabla ya hapo nilidhani mtu huamua kuongea. Mimi nilijikuta tu nimesimama katikati ya duara la timu na punje za maharagwe mkononi.

"Kochi, usimtoe. Mpeleke kiwiko."

"Ndanu, si sasa."

"Mpeleke kiwiko, apewe mpira akiwa anatembea. Tafadhali."

"Nimekuuliza sababu tangu Jumatatu!"

Nikamwangalia Naserian. Sikufungua hata mdomo, lakini nafikiri uso wangu ulikuwa unamwomba. Kamba ya kiatu ilikuwa mkononi mwake.

"Ni miiba," akasema.

"Miiba gani?"

"Nyumbani. Ringi iko kwa zizi ya mbuzi, na chini ya ringi ni ua ya miiba. Nimejifunza hapo. Sijawahi simama chini ya ringi maisha yangu yote, Kochi. Mwili unakataa."

Hakuna aliyecheka. Nilimwangalia Mwende, nikingoja lile neno mbuzi. Mwende alikuwa amekunja uso.

"Miiba kweli kweli? Ile ya kuchoma?"

"Ile ya kuchoma."

"Manze," Mwende akasema. "Na si ungesema? Miezi yote hii nakuita mlingoti." Akanywa maji, akatema. "Kochi, mimi naenda chini."

"Mwende, wewe ndio unafunga."

"Nimechoka kukimbia. Pale chini watu wanasimama tu wakisukumana, hiyo ni kama foleni ya kantini. Nipe hao milango ya benki. Na huyu wa miiba arushe, basi, tuone."

Kochi alituangalia mmoja mmoja. Akavua filimbi shingoni, akaivaa tena. "Dakika chache," akasema. "Nikiona vibaya narudisha."

Mpira wa kwanza Naserian aliupokea kwenye kiwiko akiwa anatembea, akapanda, na yule wa kumlinda akampiga mkono. Fauli. Wa pili ukaingia. Wa tatu ukaingia, ule wa juu, wa polepole, na nikasikia upande wa kuimba Twiga ukinyamaza. Nilikuwa naweka haragwe mbio hivi kwamba moja ilianguka chini ya meza nikaiacha. Chini ya ringi Mwende alikuwa anasukumana na wale wawili akiwaongelesha. "Dada, nyonga yako ni ya chuma ama? Songa kidogo, nami pia nimelipa." Alikuwa anapata rebaundi kwa makalio na maneno. Tukakaribia. Kochi hakurudisha mtu.

Halafu wale wakashtuka. Kila Naserian akienda kiwiko, walianza kumfuata wawili. Hilo ndilo nililokuwa naliogopa, maana mtu wa mahali pamoja ni rahisi kufungiwa. Akakosa mmoja, akakosa mwingine. Nikaangalia kama atajificha. Hakujificha, alirudi pale pale akanyoosha mikono.

Mwisho tulikuwa nyuma kwa pointi moja, mpira ni wetu, na sekunde zinaisha. Uwanja wote ulijua unaenda wapi. Madam alikuwa amesimama. Baba yake Naserian alikuwa ameacha lori na kuja mpaka kwenye mstari. Naserian akakata kutoka pembeni, akaudaka akitembea, mguu ukapanda. Wawili wakaruka naye. Na akiwa hewani, na ringi iko mbele yake, na Entarara iko nyuma yake, akaushusha mpira akampa Mwende, aliyekuwa amebaki peke yake chini.

Mwende aliurusha kutoka karibu kabisa. Ukazunguka juu ya ringi, ukakaa kidogo pale kama unafikiria, ukatoka nje.

Filimbi.

Kelele zilizofuata zilikuwa zetu wenyewe. "Kwa nini amempa?" "Si angepiga mwenyewe!" "Ameogopa, amekwisha!" Mwende alikuwa amelala chini amejifunika uso kwa jezi. Baba yake Naserian alikuja, nikamsikia akiuliza, si kwa ukali, ni kama mtu ambaye gari limemwacha: "Entito ai, binti yangu, mbona ulimpa mwingine? Ulikuwa ushafika." Na madam alikuwa anaweka chupa yake ya maji kwenye begi.

Akapita karibu na meza yangu akielekea kwenye gari. Akasimama.

"Hii ni chakula?"

"Ni githeri," nikasema. Halafu nikamweleza, kwa sauti ya panya, haragwe na mahindi.

Akainama. Kochi akasogea, na baba yake Naserian pia, akimshika binti yake bega, na Mwende macho mekundu.

"Kochi, huyu msichana mrefu," madam akasema. "Niambie ukweli."

Kochi alifungua mdomo kumsifu, ningeapa. Kisha akanielekeza kidole. "Muulize Ndanu. Yeye ndiye amemtazama."

Hapo ndipo kazi hii inapokuwa kazi, na ndiyo sababu nimeandika haya yote. Ningeweza kusema ni mzuri. Kila mtu pale alikuwa ananiomba niseme ni mzuri, macho ya baba yake, mkono wa Mwende ukinifinya mgongoni. Lakini nilifikiria madam akimpeleka kwake, akimweka katikati ya uwanja akingoja pointi nyingi kila mechi, halafu akimrudisha baada ya muhula mmoja kama sahani yenye ufa. Kurudishwa kungekuwa kubaya kuliko kuachwa.

"Akipata mpira akitembea, kwenye kiwiko, hakosi sana," nikasema. "Akipewa amesimama hajui afanye nini. Chini ya ringi haendi, msimlazimishe. Na timu nzuri ikimfungia pale, kama hawa, pointi zake zitakuwa chache."

Vidole vya Mwende vikaacha kunifinya. Kochi akakohoa.

"Kwa hivyo si mfungaji," madam akasema.

"Ni mfungaji. Lakini si wa kubeba timu peke yake, labda baadaye. Ukimweka hapo wanamfuata wawili, kuna mtu anabaki wazi, na yeye anamwona. Hawa wengine wote wakiwa na mpira hawaoni mtu. Mimi nawatazama kila siku."

"Ile pasi ya mwisho?"

"Ilikuwa sawa. Mwende ndiye alikosa."

"Asante sana, rafiki," Mwende akasema nyuma yangu.

Madam hakucheka. "Ungemchukua?"

"Ningemchukua wa kwanza," nikasema, nikaketi.

Akamwita baba yake Naserian kando, wakaongea karibu na lori. Hatukusikia. Naserian aliinama kwangu, machozi yanamdondoka mpaka kwenye kartoni.

"Ungesema tu niko mzuri, Ndanu," akasema. "Neno moja tu." Akaenda zake.

Wiki zilizobaki hakunisalimia. Shule ilipofunguliwa muhula wa pili deski yake ilikuwa tupu, na mimi sikujua ni tupu ya Entarara ama ni tupu ya ile shule ya madam. Sikuthubutu kuuliza. Mwende ndiye aliyekwenda staffroom akarudi akikimbia kwenye korido, kitu ambacho kapteni hukatazwa. Amechukuliwa. Kochi alikuwa amemuuliza madam kwa simu kwa nini yeye, kati ya wote aliowaona, na madam akasema alikuwa amezunguka viwanja vingi, na kila mahali ameambiwa msichana anaweza kila kitu. Kwa huyu peke yake aliambiwa na kile asichoweza, kwa hivyo akaamini na yale mengine.

Naserian alinipigia wakati wa mapumziko ya muhula huo, kwa simu ya baba yake. Nilitoka nje kwenye kamba ya nguo ili mama asinisikie. Hakutaja Kajiado, nami sikutaja.

"Siku ya kwanza madam hakuwa," akasema. "Kulikuwa na kochi msaidizi. Ameniona tu, akanielekeza chini ya ringi."

"Ukafanya nini?"

"Nikamwambia hapana, mimi si wa hapo. Mbele ya wote, Ndanu. Wale wasichana wakaniangalia kama nimetukana. Akaniuliza, haya, wewe ni wa wapi? Nikatembea mpaka kiwiko, nikanyoosha mikono. Wakanipa nikiwa natembea."

Nilishika kamba ya nguo. "Ukaingia?"

"Wa kwanza, hapana."

Wa pili hakuniambia, na sikuuliza. Alikuwa anacheka.